Karata za Banda la Ndui

Yule mtu aliyekuwa na ndui alikuwa amelala begani kwangu tangu Rutshuru.

Alikuwa mchuuzi wa chumvi, mtu mzima mwembamba, na alipanda lori amejifunika blanketi jua likiwa kali. Nilidhani ni malaria. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na kila tuliporushwa kichwa chake kiliniangukia. Mwanzoni nilimsukuma taratibu, kisha nikamwacha. Nilikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na mitatu, nikirudi nyumbani kwa mama yangu, mtaa wa Mbugangari kule Gisenyi, baada ya mwezi mzima wa kushona nguo za vibarua wa shamba moja la kahawa, na uchovu niliokuwa nao haukuniruhusu kugombana na kichwa cha mtu. Joto lake lilipenya shati langu hadi ngozini.

Tulipofika barrière, kizuizi cha mpakani, ukitoka Goma kuingia Gisenyi, muuguzi wa serikali alipanda lori kukagua vyeti vya chanjo kama kawaida yake. Alimwambia yule mchuuzi afunue uso. Mchuuzi hakusikia. Muuguzi akalivuta blanketi kwa ncha ya kalamu. Halafu akaanza kushuka kinyumenyume, mguu wake ukipapasa ngazi, na alipofika chini alimwita polisi kwa sauti ndogo sana. Ile sauti ndogo ndiyo iliyonitia hofu. Watu wa serikali tuliowazoea walipiga kelele.

Tuliwekwa karantini sote, pamoja na shofere. Banda lilikuwa nyuma ya barrière upande wa ziwa: chumba kirefu cha mbao chenye baraza, ua wa changarawe nyeusi za volkano, senyenge pande zote, na mwisho wa ua stoo ndogo ya matofali yenye dirisha moja. Mchuuzi alilazwa stoo. Sisi wanne tukapewa banda.

Muuguzi alituchanja upya, akikwaruza mikono yetu bila kututazama usoni. Alipomaliza akauliza, “Iko mutu hapa aliyewahi kuugua ndui? Aliyeugua haugui tena. Anyooshe mkono.”

Hakuna aliyenyoosha.

“Bon. Siku kumi na nne. Asiyeota kitu ataenda kwake. Posho itapita kwenye senyenge, mtapika wenyewe. Na kila jioni mmoja wenu atampelekea mgonjwa chakula na maji.”

“Nani?” aliuliza shofere.

“Chagueni. Ninyi mumekwisha kuvuta hewa yake. Mi niko na dispensari ya mji mzima. Nitarudi siku ya sita.”

Jioni ile yeye mwenyewe alisukuma mkate na birika la maji ndani ya mlango wa stoo, akapanda baiskeli yake, akaenda. 

Nitawaeleza wale wenzangu. Shofere alikuwa mtu wa Bukavu, mnene, mcheshi, aliyemwendeshea Mgiriki mmoja magari kwa miaka mingi. Wa pili alikuwa mama wa makamo kutoka vijiji vya kando ya ziwa, aliyekuwa analeta samaki wa chumvi kutoka upande wa Rutshuru kuja kuwauza sokoni Gisenyi. Samaki wake walikuwa wamechomwa moto na polisi mbele ya macho yake, na alikuwa akiwazungumzia kama watu waliofiwa wanavyomzungumzia marehemu. Wa tatu alikuwa mzee wa Mudende, mkulima wa viazi, mrefu, mkimya, aliyejifunga shuka yake hadi shingoni mchana na usiku. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Alipendelea kusikiliza.

Asubuhi ya pili ugomvi ulianza juu ya nani apeleke chakula. Mama alisema wanaume ni watatu, aibu yao. Shofere alisema aliyekaa karibu na mgonjwa ndiye amekwisha kuambukizwa, kwa hiyo aende yeye. Alikuwa ananisema mimi. Niliinuka nikamwambia kwamba lori ni lake, abiria ni wake, na mgonjwa ni wake. Tulikuwa karibu kushikana mashati. Hapo ndipo shofere alipoingiza mkono mfukoni akatoa karata.

“Tucheze,” alisema. “Atakayeshindwa ataenda. Hapo hakuna kuonewa.”

“Mi sichezi kamari,” nikasema. “Kwetu ni haramu.”

“Kamari ni pesa, fundi. Hapa pesa haiko. Tutacheza maharagwe ya posho. Halafu tutayapika.”

Nilikubali. Ningekubali lolote ambalo lingeniweka mbali na ule mlango hata kwa siku moja.

Mchezo ulikuwa poka, aliyofundishwa na yule Mgiriki wake. Karata zilikuwa thelathini na mbili, kuanzia saba hadi kumi, halafu vale, bibi, mfalme na asi. Kila mtu anapewa tano. Anaweka harage moja katikati kabla ya kuona kitu, kisha mwenye kupenda anaongeza, na asiyetaka kumfuata anatupa karata zake. Baadaye unaweza kubadilisha karata usizozipenda, mara moja tu, mnaongeza tena, ndipo mnaonyeshana. Jozi inashindwa na jozi mbili, jozi mbili zinashindwa na tatu za namna moja, na karata tano za alama moja, kopa tupu au uru tupu, shofere aliziita kuleri, na kuleri ilivipiga karibu vyote. Kila mmoja wetu alianza na maharagwe ishirini. Tulicheza baada ya adhuhuri, jua likiwa barazani, na jua lilipoiacha baraza mchezo ulikwisha. Mwenye maharagwe machache kuliko wote alibeba sahani.

Siku ya kwanza ya mchezo alishindwa shofere mwenyewe, mwalimu wetu. Alicheka sana, akatuambia kinyozi hajinyoi, akachukua sahani ya viazi na maharagwe akavuka ua huku akipiga mluzi. Mluzi ulikatika alipofungua mlango. Alirudi haraka. Aliosha mikono kwa majivu, akaiosha tena, akakaa pembeni.

“Amekula?” mama alimuuliza.

“Nimemwekea,” alisema shofere.

Siku iliyofuata nilijifunza hofu ya karata. Kabla ya hapo nilidhani mtu anaogopa akipewa karata mbovu. Kumbe karata mbovu ni raha. Unazitupa, unapoteza harage lako moja, unatazama wengine wakitoana jasho. Mchana ule nilifunua karata zangu nikakuta asi mbili, wafalme wawili na tisa moja. Zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Papo hapo nikaanza kuhesabu vyote vinavyoweza kuzipiga.

Nikaongeza harage moja tu. Niliogopa kuongeza mengi, nisije nikayapoteza. Wote watatu wakafuata. Mama alikuwa hatupi karata kamwe, alipenda kuona mwisho wa kila jambo, na kila mara alisema, “Nione tu.” Yeye na shofere wakabadilisha karata tatu tatu. Mzee wa Mudende akabadilisha moja. Mimi nikabadilisha ile tisa nikapata nane, kitu bure.

Nikaongeza mawili. Mama na shofere wakatupa, na kwa mama ilikuwa ajabu. Mzee akayatazama maharagwe yangu, siyo uso wangu. Nyumbani kwao alikuwa bingwa wa igisoro, ule mchezo wa kete na mashimo, na alikuwa na tabia ya kuhesabu mali ya mwenzake kabla ya kusogeza mkono. Akafuata mawili yangu, akaongeza sita.

Nilijua. Mwili wangu wote ulijua kwamba amepata. Lakini asi mbili na wafalme wawili! Nilishindwa kuziachia, kama mtu anayeshindwa kuachia kamba inayomchubua. Nikalipa sita. Akafunua kopa tano.

Jioni ile mimi nilibaki na maharagwe tisa, mama akabaki na manane. Alikwenda yeye, kwa tofauti ya harage moja. Nilimwona akijifunga kitenge puani, akichukua sahani mkono mmoja na kikombe mkono mwingine, na nilimshukuru Mungu kwa sauti ndogo huku najionea aibu.

Shofere alinijia wakati mama yuko kule. Alikuwa ameacha ucheshi wake. “Fundi, we uliwacheza wafalme wako kama umewaiba,” alisema. “Harage moja! Wote tuliingia bure, na yule muzee alikuwa anatafuta kopa moja tu. Ungeweka kumi, angetupa. Sikiliza. Karata mbovu haiui mutu. Ile inaua ni ile muzuri ambayo haijamaliza kuwa muzuri. Ukiipata, funga mlango mapema, wasiingie. Na mlango ukivunjwa, toka. We ulifanya kinyume: uliwaachia mlango wazi, halafu moto ulipowaka ukakaa ndani.”

Nililala na maneno hayo. Nililala pia na bega langu. Kila nilipoamka nililipapasa lile bega ambalo mchuuzi alililalia, nikitafuta kipele. Wakati mwingine nilisikia kweli kuna kipele, nikangoja alfajiri nikaangalia, kumbe kiroboto. Kutoka stoo, upepo ukitulia, tulisikia sauti. Hakuwa akilia. Alikuwa akiita, kwa upole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyo na hakika kama ina watu.

Siku ya tatu ya mchezo alishindwa mama tena. Ile tabia yake ya “nione tu” ilimmaliza. Alikwenda, akarudi, akakaa chini akatazama ziwa. “Mi niko na watoto tano,” alisema.

Siku ya nne ya mchezo tulicheza bila utani. Jua lilikuwa limebaki kama upana wa mkeka barazani shofere aliposema huu ni mgao wa mwisho. Mzee alikuwa na maharagwe arobaini na moja. Shofere ishirini. Mimi kumi na moja. Mama manane.

Tukaweka moja moja. Nikafunua zangu. Wafalme watatu.

Nilizifunika haraka kifuani kama mtu aliyeona nyoka kwenye kapu. Zilikuwa nzuri, na hazikuwa zimekamilika. Kuleri ingezipiga, mfululizo wa karata tano zinazofuatana ungezipiga. Nikafikiri kuzitupa. Ningebaki na kumi, mama na saba. Lakini mama akishinda yale manne ya katikati tu, atakuwa na kumi na moja, na mimi ndiye nitakayekwenda. Kutupa hakukuwa salama. Kuongeza hakukuwa salama. Mikono ilinitoka jasho hadi karata zikashikana.

Funga mlango mapema. Nikasukuma maharagwe yote kumi.

Shofere akatupa zake mara moja. Mzee akanitazama, safari hii usoni, akatupa. Nikabaki na mama. Alikuwa na maharagwe saba mbele yake, ameyapanga mstari mmoja. Akayagusa moja moja kwa kidole.

“Mwanangu,” aliniuliza, “uko na nini?”

“Siwezi kusema, mama.”

“Nikitupa, leo naenda tena?”

 Tuliweza kuhesabu sote. Akitupa, anabaki na saba, na hakuna mwenye machache kuliko hayo. Mlango wangu ulikuwa umefungwa kwa mtu ambaye hana mahali pengine pa kwenda. Hilo sikulifikiria.

“Basi nione tu,” alisema, akasukuma saba zake. Matatu ya ziada shofere akanirudishia.

Nikabadilisha karata mbili. Nikapata nane na bibi. Wafalme walikuwa bado watatu. Mama akabadilisha moja. Aliiokota ile karata, akaiweka juu ya zile nne bila kuitazama, akasema mimi nianze. Nikawaweka wafalme wangu juu ya mkeka mmoja mmoja. Shofere akavuta pumzi. Mama akafunua saba ya uru. Kumi ya uru. Vale ya uru. Asi ya uru. Halafu ile ya mwisho, aliyoitazama pamoja nasi kwa mara ya kwanza: tisa ya uru.

Hakufurahi. Alifunika uso kwa kitenge chake.

“Ulicheza muzuri, fundi,” shofere alininong'oneza. “Hapo hukukosea kitu.” Sikuwahi kusikia maneno yasiyonisaidia kama yale.

Jua lilipoiacha baraza nilipewa sahani na kikombe. Ua ule haukuwa na hatua hata hamsini. Changarawe zilikuwa zinalia chini ya viatu vyangu na mimi nilikuwa nasoma kila aya niliyoijua, nikizichanganya, mwanzo wa hii na mwisho wa ile. Nilijifunga kilemba puani. Mlango wa stoo ulikuwa wa bati. Nikausukuma kwa kiwiko.

Harufu ilikuja kwanza, tamu na nzito. Halafu mwanga wa dirisha ulinionyesha sakafu. Sahani ya shofere ilikuwa palepale ndani ya kizingiti, kando ya mkate mzima wa muuguzi ulioota ukungu, imejaa, nzi wameifunika. Hatua mbili mbele zilikuwa sahani mbili za mama, nazo zimejaa. Kando ya sahani hizo kulikuwa na fimbo ndefu, na mwisho wa fimbo, karibu na mkeka, vikombe viwili vitupu. Mama alikuwa amemsukumia maji kwa fimbo. Chakula hakuna aliyemfikishia. Siku tatu hizi tulikuwa tukitoana jasho juu ya nani aende kumlisha, na hakuna aliyemlisha.

Mtu mwenyewe alikuwa mkekani. Uso wake sitaueleza. Macho yalikuwa yamevimba yamefunga, lakini kichwa kiligeuka upande wa mlango.

“Nani?” alisema. Mdomo wake ulifunguka kidogo sana.

Nikakaza kilemba puani.

“Maji.”

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Kati yetu kulikuwa na hatua nne, labda tano. Nimezivuka hatua hizo mara nyingi sana tangu siku ile, kitandani, njiani, msikitini, kila mahali isipokuwa pale zilipokuwa zinahitajika. Nikaweka sahani chini kando ya ile ya shofere. Nikaweka kikombe. Nusu ya maji ikamwagika. Nikatoka nikavuta mlango.

Nyuma yangu nilisikia akisema tena, “Nani?”

Barazani nilijisugua mikono kwa majivu hadi ngozi ikaniwasha. Mama alinisogelea. “Alikunywa?” aliuliza. “Fimbo uliiona?”

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Sijui kwa nini haukutoka. “Sikumpa,” nilisema. “Nimeweka mlangoni. Sahani zote ziko mlangoni. Hakuna hata moja iliyoguswa. Hajala tangu tulipofika.”

Shofere alianza kutazama viatu vyake. Mama alilia bila sauti. Mzee wa Mudende, aliyekuwa amekaa ukutani na shuka yake shingoni, alisema kitu kwa Kinyarwanda, kisha akakirudia kwa Kiswahili chake kidogo ili sote tusikie.

“Hawezi kula ile. Viazi, maharagwe, hapana. Mwenye ubushita, hii ndui, mdomo iko vidonda mpaka huku,” akagusa koo. “Anakunywa uji. Mwembamba. Baridi kidogo.”

“We unajuaje, muzee?” shofere aliuliza.

 Mzee alisimama, akaifungua shuka, akaiacha ianguke hadi kiunoni, akatugeuzia mgongo. Mgongo wote, kutoka mabegani hadi chini, ulikuwa mashimo madogo madogo yaliyokauka zamani, kama udongo uliopigwa na mvua ya mawe. Usoni alikuwa nayo mawili matatu tu, puani, ambayo sote tulikuwa tumeyaona bila kuyaona.

Shofere aliruka kwa hasira. “Siku zote hizi! We hauwezi kuugua! Unakaa hapa unacheza, unatushinda, unamtuma mama wa watoto tano! Muganga aliuliza. Sote tulisikia!”

“Aliuliza,” mzee alikubali. Aliokota shuka yake taratibu. “Serikali ikiuliza nani anaweza, mimi sinyooshi mkono. Kaka yangu alinyoosha. Waliuliza nani anajua kupasua mawe ya barabara. Tulimwona tena baada ya miaka miwili, mguu mmoja hauko.” Akajifunga shuka shingoni. “Lakini nilijua mgonjwa hali kitu. Tangu siku ya kwanza nilijua viazi hawezi. Nilisema moyoni, si mimi niliyemleta.”

Nilitaka kumchukia na sikuweza.  Mimi nilikuwa nimeogopa ugonjwa siku tano. Yeye alikuwa ameogopa kalamu na daftari la yule muuguzi, na hofu yake ilikuwa na sababu kuliko yangu.

Aliomba unga wa mtama. Mama aliupima kwa kiganja, akakoroga uji mwepesi, akaupooza kwa kuumimina kutoka chombo hiki kwenda kile. Mzee akaubeba akavuka ua bila kujifunga kitu puani. Mlango aliuacha wazi. Tulimsikia akizungumza kule ndani, Kinyarwanda kitupu, polepole, kama anavyosemeshwa ng'ombe anayezaa. Mchuuzi hakujua Kinyarwanda, nadhani. Alikuwa akijibu hata hivyo.

Alikaa huko hadi giza. Alipotoka alibeba zile sahani nne zenye nzi, akazika chakula kando ya senyenge, akarudi kulala hukohuko. Hatukucheza tena. Shofere alizifunga karata kwa uzi na hakuna aliyeziulizia.

Asubuhi ya sita muuguzi alifika na baiskeli yake akamkuta mzee anatoka stoo na kibuyu. Alimwita kwenye senyenge, akamwambia avue shuka. Akatazama mgongo kwa muda mrefu. Kisha akafungua daftari akaandika.

Zile siku nyingine nane nilizipitisha nikijipapasa. Asubuhi nilimwomba shofere anitazame mgongo, naye akaniomba nimtazame wake. Siku ya kumi shofere alipata homa. Alikaa peke yake mwisho wa baraza, amejikunja, meno yakigongana, na mimi nilimsogezea maji. Nilimsogezea kwa mkono, si kwa fimbo, lakini nisijisifu, maana nilikuwa nimefumba macho. Ilikuwa malaria. Siku ya kumi na mbili mchuuzi wa chumvi alikaa akaegemea ukuta. Jicho moja lilikuwa limepotea. Lingine lilifunguka. Mzee alitutangazia habari hiyo kutoka mlangoni kwa kuinua mikono yote miwili juu.

Siku ya kumi na nne nguo zetu zilichemshwa, tukapuliziwa dawa, tukasimamishwa mstari. Muuguzi alitoa vyeti vitatu. Mzee aliponyoosha mkono kupokea chake, muuguzi alitikisa kichwa.

“Wewe unabaki. Lori lingine limesimamishwa jana usiku, wagonjwa watatu. Hatuna mutu mwingine kama wewe.”

“Hadi lini?” nilimuuliza mimi. Mzee hakuuliza.

“Hadi iishe.”

Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia jambo la zamani. Alinishika mkono, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kugusana. “Fundi, nenda Mudende,” alisema, akanielekeza njia, mti kwa mti, kilima kwa kilima. “Mwambie mke wangu achimbe viazi asiningoje. Vikingoja vitaoza.”

Sikwenda nyumbani kwanza. Nilijiambia ni kwa sababu ya ahadi. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa kukumbatiwa na mama yangu. Cheti kilikuwa mfukoni na sikukiamini.

Nilipanda Mudende kwa miguu, nikafika jua limesimama. Habari zilikuwa zimenitangulia; watu wa njiani waliingiza watoto ndani. Mke wa mzee alikuwa katikati ya shamba la viazi, mama mrefu kama mumewe, na aliponiona niko mwisho wa matuta aliinua jembe.

“Simama hapo!”

Nikasimama. Tulikuwa mbali kiasi cha kupaza sauti, na upepo wa kule juu ulikuwa mkali. Nikampigia kelele kwa Kinyarwanda kwamba mume wake ni mzima.

“Kwa nini haji?”

“Amebakizwa! Anauguza wagonjwa! Amesema uchimbe viazi, usimngoje!”

“Walijuaje kwamba aliugua?”

“Alisema mwenyewe!”

 Jembe lilishuka taratibu. “Huyo hasemi,” alisema, na nilimsikia kwa shida. Kisha akapaza tena: “Nani alimfanya aseme?”

Nilisimama pale, mtu mzima na cheti changu. “Mimi,” nikasema. Nikaona hajasikia. Nikapiga kelele: “Mimi!”

 Nilidhani atanitupia jiwe, na nisingekimbia. Badala yake aliniashiria kwa kidevu kwenye mtaro uliokuwa karibu nami.

“Kuna jembe lake hapo. Anza upande huo. Usinisogelee.”

Nilivua shati nikaanza. Sikuwa nimewahi kuchimba viazi. Nilivikata vingi, na kila nilipokata kimoja alipiga kelele kutoka kule alikokuwa, nami nikainamisha kichwa. Tulichimba hadi jioni, yeye akija huku, mimi nikienda kule, na tulipobakiza matuta matatu kati yetu aliniambia niishie hapo.